Mwongozo kamili wa kupima ufanisi wa droni na hasara za kijeshi katika vita vya kisasa

Tarehe 1 Juni 2025 Idara ya Usalama ya Ukraine, SBU, ilirusha droni 117 kutoka kwenye malori yaliyokuwa yameegeshwa ndani ya Urusi karibu na viwanja vya ndege vya kijeshi, kisha ikatangaza kwamba ndege 41 zimepigwa. Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilikiri kwamba ndege kadhaa zilishika moto katika mikoa ya Irkutsk na Murmansk, ikasema kwamba kwingineko mashambulizi yalizimwa. Siku chache baadaye maafisa wa Marekani waliliambia shirika la habari la Reuters kwamba kwa tathmini yao ndege zilizopigwa hazikuzidi 20, na zilizoteketea zilikuwa kama 10. Inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyesema uongo wa waziwazi, kwa kuwa kupigwa, kuharibika na kuteketea ni mambo matatu tofauti, na kila msemaji alichagua neno lililomfaa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwandishi wa habari, mwanafunzi au msomaji makini anayetaka kuhesabu mwenyewe kwa kutumia vyanzo vilivyo wazi kwa umma, bila kuibeba hesabu ya upande wowote kama ilivyo.

1. Andika swali kabla ya kufungua video

Wengi wanaoanza kazi hii hukusanya kwanza video mia mbili kutoka Telegram, kisha huzitazama wakijiuliza zinasema nini. Fanya kinyume chake. Andika swali lako kwa sentensi moja inayotaja mahali, kipindi, upande na aina ya silaha, kisha ligawe, kwa sababu swali la "droni zina ufanisi?" ni maswali manne yaliyorundikwa pamoja: ngapi zilirushwa, ngapi zilifika, zilizofika ziliharibu nini, na uharibifu huo ulimzuia adui kufanya nini. Taarifa za kijeshi hupenda kujibu swali la tatu peke yake, kwa kuwa ndilo lenye picha za moto. La kwanza hufichwa kama siri, na la nne huachwa kwa wanahistoria.

Aina ya droni nayo isichanganywe. Droni ndogo ya FPV, ambayo mwendeshaji huiongoza akiwa amevaa miwani inayomwonyesha kile kamera inachokiona, hugharimu dola mia chache. Shahed-136, droni ya kujilipua yenye asili ya Iran ambayo Urusi huiita Geran-2, hubeba kilipuzi cha takriban kilo 50 na kuruka mamia ya kilomita hadi mjini. Bayraktar TB2 hurusha makombora yake na kurudi nyumbani. Ukiziweka zote katika wastani mmoja utapata namba isiyoielezea hata moja kati yake.

2. Jedwali: safu moja kwa kila kifaa

Fungua jedwali kwenye kompyuta na ukipe kila kifaa kilichopigwa safu moja ya mlalo. Video isiwe na safu yake. Video ni ushahidi unaoambatanishwa kwenye safu ya kifaa. Katika kila safu weka aina ya kifaa, mahali kwa latitudo na longitudo, tarehe ya tukio, tarehe video ilipotolewa, aliyeitoa, silaha inayodhaniwa kutumika, hali ya kifaa, na kiwango chako cha uhakika. Acha nafasi ya maelezo marefu, maana hapo ndipo utakapoandika alama za pekee: namba iliyopakwa rangi ubavuni, tundu la zamani, vyuma vya ziada vilivyochomelewa juu.

Alama hizo ndizo zinazookoa hesabu. Niliwahi kukihesabu kifaru kimoja mara tatu: mara ya kwanza kilipokanyaga bomu la kutegwa ardhini, mara ya pili droni ya FPV ilipokipiga kikiwa kimeachwa, na mara ya tatu kikosi kingine kilipokidondoshea guruneti kupitia mlango wa juu wiki moja baadaye na kuweka muziki kwenye video. Kilichonizindua ni gogo lililofungwa upande wa kushoto, ambalo lilionekana katika video zote tatu likiwa limeungua ncha ileile.

3. Itazame video fremu kwa fremu

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tusiharakishe. Chukua video ya sekunde arobaini ya aina inayosambaa kila siku kutoka mashariki mwa Ukraine. Droni inapita juu ya shamba, inakuta mstari wa miti, inageuka, na chini ya matawi kuna gari la deraya lililofunikwa wavu. Picha inakaribia, inatetemeka, kisha skrini inajaa chengachenga. Maandishi yanasema gari limeteketezwa. Rudi nyuma taratibu. Katika fremu ya nne kabla ya mwisho mlango wa nyuma uko wazi. Mnyororo wa kulia umelala chini, umetoka kwenye magurudumu yake. Nyasi zilizo nyuma ya gari zimesimama, hazina alama mbichi za kupitiwa, maana yake gari halijasogea kwa siku kadhaa. Kwa hiyo huenda hili ni gari lililokwisha kuachwa na wenyewe kabla ya droni kufika, na huwezi hata kusema kama kilipuzi kililipuka, kwa kuwa kamera ilikufa pamoja na droni.

Huo ndio udhaifu wa kimaumbile wa video ya FPV: huisha pale ambapo jibu linaanzia. Kwa droni inayotumia mawimbi ya redio, picha huchafuka hata kabla ya kugonga, kwa sababu ikishuka chini sana ardhi na miti huziba mawimbi. Droni ya kebo ya fiba, ambayo ilienea sana kuanzia mwaka 2024 kwa kuwa haiwezi kukwamishwa kielektroniki, hubaki na picha safi mpaka mwisho, lakini nayo haionyeshi kilichofuata. Ndiyo maana ushahidi mzuri una macho mawili: droni iliyopiga na droni ya pili ya upelelezi iliyokuwa ikielea juu na kurekodi moshi, moto, askari wanaokimbia au gari linaloondoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Usipokuwa na jicho la pili, andika "limegongwa, matokeo hayajulikani" na uendelee na safu inayofuata.

Jiulize pia kama kilichopigwa ni kifaa halisi. Vifaru vya mbao, mizinga ya mabomba na rada za kujazwa upepo zimekuwepo tangu zamani, na zinafanya kazi vizuri. Baada ya siku 78 za mashambulizi ya anga ya NATO dhidi ya Yugoslavia mwaka 1999, wakuu wa kijeshi wa Marekani walitaja vifaru vipatavyo 120 vilivyoharibiwa. Mwezi Septemba NATO ilishuka hadi 93. Mwaka uliofuata jarida la Newsweek likachapisha hesabu ya ripoti ya ndani ya jeshi la anga la Marekani iliyokuta vifaru 14; sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na bandia zilizopigwa kama halisi. Kitu halisi kikiungua hulipuka mara ya pili risasi na mafuta yake yanaposhika moto, hutoa moshi mweusi mzito na huacha mabaki ya chuma. Bandia huanguka upande, au hupasuka bila moto wowote.

4. Thibitisha mahali na wakati

Tafuta kwenye video vitu visivyohama: njia panda, paa lenye umbo la pekee, pembe ya shamba, nguzo za umeme. Linganisha na ramani za satelaiti mpaka vitu visivyopungua vitatu vikubaliane. Urefu na uelekeo wa kivuli hukupa saa ya siku, na majani ya miti hukupa msimu. Shamba la alizeti lililochanua haliwezi kuwa la mwezi Februari hata maandishi yaseme nini. Ipakie pia picha hiyohiyo kwenye huduma ya kutafuta picha ya intaneti ili ujue kama haijawahi kutumika katika vita vingine.

Satelaiti zina mipaka yake, na inafaa uijue kabla ya kulaumu picha. Sentinel-2 ya Ulaya, ambayo picha zake ni za bure, huona ardhi kwa nukta za mita 10, na kifaru kina mwili wa mita kama 7 kwa 3.5, kwa hiyo hakijazi hata nukta moja. Lakini ndege ya Urusi ya kurusha mabomu aina ya Tu-95 ina mabawa ya mita 50, yaani nukta tano, na doa jeusi kwenye saruji pale ilipokuwa imeegeshwa huonekana waziwazi. Ndiyo sababu shambulio la Juni 2025 liliweza kukaguliwa na watu wa kawaida kwa kulinganisha picha za kabla na za baada ya tukio, ilhali mapigano ya handaki moja hayawezi. Sentinel-1 hutumia rada na hupenya mawingu. Ramani za moto za NASA hutoka kwenye vihisio vyenye nukta za mita 375. Zinatosha kukuambia kwamba ghala la mafuta liliwaka usiku fulani, ila hazikuambii nani aliliwasha.

5. Ipe kila safu hali moja

Kundi la wachambuzi la Oryx, lililopata umaarufu kwa orodha zake za vita vya Armenia na Azerbaijan huko Nagorno-Karabakh vya mwaka 2020 na vya Ukraine kuanzia 2022, hutumia hali nne: kimeteketea, kimeharibika, kimeachwa, kimetekwa. Zitumie hizo, na usibuni zako, ili hesabu yako ilinganishwe na za wengine. Kuharibika si kupotea. Kifaru kilichokatika mnyororo kinaweza kuvutwa usiku na kurudi vitani baada ya muda mfupi, huku kile kilichorushwa mnara wake wa mzinga hakirudi.

Jumla utakayoipata ni sakafu. Ni idadi ya chini kabisa iliyoonekana, na ukweli uko juu yake kwa kiasi ambacho hutegemea nani alikuwa na kamera wapi. Anayesonga mbele hupiga picha mabaki ya adui. Anayerudi nyuma huacha yake nyuma yapigwe picha. Mizinga iliyo kilomita 20 nyuma ya mstari hupigwa mara nyingi bila kuonekana na yeyote.

6. Kiasi na asili

Tulifundishwa darasani kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Video zote duniani ni kiasi tu. Bila asili, yaani idadi ya droni zilizorushwa, hakuna kiwango cha ufanisi. Utafiti wa taasisi ya masuala ya ulinzi ya RUSI ya Uingereza uliotolewa Februari 2025 ulikadiria kwamba kati ya asilimia 60 na 80 ya droni za FPV za Ukraine hazifikii shabaha zake, kutegemea mahali, ustadi wa mwendeshaji na nguvu ya ukwamishaji wa mawimbi. Anayetazama Telegram anaona zile zilizofika tu.

Upande wa ulinzi wa anga, asili mara nyingine hutolewa, lakini isome kwa makini. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 2025 Jeshi la Anga la Ukraine liliripoti kwamba Urusi ilirusha droni 810, na kwamba 747 ziliangushwa au zilizimwa. Ugawanyo ni rahisi: asilimia 92. Ila ndani ya zile 810 zimo droni za chambo zisizobeba kilipuzi kikubwa, zinazorushwa ili kumaliza makombora ya ulinzi, na ndani ya zile 747 zimo zilizopoteza mwelekeo kwa kuvurugwa mawimbi na kuanguka shambani. Ukitaka kujua hatari kwa mji, swali lako ni juu ya zile 63 zilizobaki: ngapi kati yake zilikuwa na kilipuzi, na ziligonga nini? Usiku huo, ambapo makombora nayo yalirushwa, paa la jengo la Baraza la Mawaziri mjini Kyiv liliwaka. Asilimia 92 na jengo la serikali linalowaka ni taarifa za usiku mmoja, na zote mbili ni za kweli.

7. Nani hasa aliua?

RUSI pia ilikadiria kwamba asilimia 60 hadi 70 ya mifumo ya Urusi inayoharibiwa au kuteketezwa hupigwa na droni za masafa mafupi. Ni makadirio mazito, na wengi wameyanukuu kama ushahidi kwamba mizinga imepitwa na wakati. Hayasemi hivyo. Kifaru husimama kwa sababu bomu la ardhini limekata mnyororo, au kwa sababu mizinga imewalazimisha askari kukimbilia kwenye mashimo, ndipo droni inapokuja kumalizia. Katika jedwali lako weka nafasi mbili: kilichokisimamisha kifaa na kilichokiteketeza. Ukikosa ushahidi wa cha kwanza, acha wazi.

Angalia pia motisha. Ukraine ina mfumo unaovipa vikosi pointi kwa kila pigo lililothibitishwa kwa video, na pointi hizo hutumika kuagizia droni na vifaa vingine. Kwa mhesabuji huu ni utajiri, kwani kila kikosi kinarekodi. Lakini pia unawafanya watu wawili wadai kifaa kimoja, na kuifanya shabaha yenye pointi nyingi ipigwe hata kama ilikwisha kufa.

8. Kuhesabu watu

Lugha yetu yenyewe huleta ajali hapa. Taarifa za kijeshi za kila siku hutaja kwa jina moja waliouawa na waliojeruhiwa, na mfasiri mwenye haraka huandika "waliouawa". Ukikuta idadi kubwa ya ghafla, rudi kwenye lugha ya asili. Katika mazungumzo ya askari wa Urusi na Ukraine, "200" ni maiti na "300" ni majeruhi, na tofauti ya tarakimu moja katika tafsiri ni tofauti ya uhai na mauti.

Tenganisha makundi manne: waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa, wasiojulikana walipo. Majeruhi nao huhesabiwa kwa njia mbili, kwa mtu au kwa tukio. Desemba 2024 Rais Volodymyr Zelensky alitaja wanajeshi 43,000 wa Ukraine waliouawa na matukio 370,000 ya kupewa huduma kwa majeraha, akafafanua kwamba wamo waliojeruhiwa zaidi ya mara moja na wenye majeraha madogo. Hayo si watu 370,000. Kwa upande wa Urusi, Wizara ya Ulinzi ilitoa idadi kwa mara ya mwisho Septemba 2022: waliouawa 5,937. Tangu hapo chanzo imara kimekuwa majina. Mediazona, chombo huru cha habari cha Kirusi, pamoja na idhaa ya Kirusi ya BBC hukusanya matangazo ya misiba, makaburi mapya na taarifa za serikali za mitaa, jina kwa jina, na katika mwaka 2025 orodha ilivuka watu 100,000. Hiyo nayo ni sakafu.

Ili kupanda juu ya sakafu, Mediazona na Meduza, chombo kingine huru cha habari cha Kirusi, walitumia daftari la mirathi la Urusi: walilinganisha ongezeko la kesi za mirathi za wanaume vijana na lile la wanawake, wakapata makadirio ya wanaume wapatao 47,000 wa chini ya miaka 50 waliokufa kutokana na vita hadi mwisho wa Mei 2023. Uzuri wa njia hii ni kwamba karani wa mirathi hana haja ya kumfurahisha jenerali.

9. Kadiria usichokiona

Kwa magari na mizinga, njia rahisi ni kulinganisha orodha mbili zilizokusanywa na watu wasiotegemeana. Tuchukue mfano wa kubuni: orodha ya kwanza ina mizinga 120, ya pili ina 90, na 60 zimo katika zote mbili. Zidisha 120 kwa 90, gawanya kwa 60. Jibu ni 180. Kwa pamoja mmeona 150, kwa hiyo takriban 30 hazikuonekana na yeyote. Kama orodha zote mbili zinachota kwenye chaneli zilezile, zitafanana kupita kiasi na makadirio yatakuwa madogo kuliko ukweli. Kwa hiyo chagua orodha zenye macho tofauti, kwa mfano moja ya satelaiti na moja ya video. Na toa jibu lenye kikomo cha chini na cha juu: "kati ya 165 na 200" ni jibu la uaminifu zaidi kuliko "180".

10. Gharama

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa hesabu ya dola hupendwa kuliko inavyostahili. Droni 100 za dola 500 ni dola 50,000. Zikisimamisha magari manne, kila moja limegharimu dola 12,500. Sawa. Lakini anayesema ni hasara kutungua Shahed ya makumi ya maelfu ya dola kwa kombora la Patriot la dola milioni kadhaa amesahau kuweka kwenye mizani kituo cha umeme kilicholengwa. Linganisha gharama ya kuzuia na thamani ya kinacholindwa, na uliza kama makombora hayo yanaweza kutengenezwa kwa kasi ya kutosha. Mara nyingi idadi ndiyo inayobana, fedha baadaye.

11. Tafuta mabadiliko ya mwenendo

Athari kubwa ya droni haionekani kwenye orodha ya vyuma. Droni za baharini za Ukraine aina ya Magura zilizamisha meli za Urusi Ivanovets na Caesar Kunikov mwezi Februari 2024 na Sergei Kotov mwezi Machi. Meli tatu si nyingi. Kilichobadilika, kwa shinikizo la droni za baharini pamoja na makombora, ni kwamba sehemu kubwa ya Meli za Kivita za Bahari Nyeusi zilihamishwa kutoka bandari ya Sevastopol huko Crimea kwenda Novorossiysk, mbali zaidi na Ukraine, na meli za nafaka zikaendelea kutoka Odesa.

Nchi kavu jihadhari na mtego wa kinyume. Hasara za vifaru zikipungua, msomaji atasema droni zimedhoofika, ilhali huenda vifaru vimefichwa na askari sasa wanasogea wawili wawili kwa miguu au kwa pikipiki. Pima idadi ya mashambulizi, ukubwa wa vikundi, umbali wa malori ya mizigo kutoka mstari wa mbele, na kuenea kwa nyavu juu ya barabara. Vitu hivyo huonekana kwenye video zilezile ulizokwisha kuzikusanya, ukizitazama upya bila kutafuta moto.

12. Kabla ya kuchapisha

Usitoe mahali pa shambulio la saa chache zilizopita, kwani mwenye kurusha hutaka sana kujua kama alilenga vizuri, na wewe utamfanyia kazi ya kusahihisha shabaha. Ficha nyuso za mateka; Kifungu cha 13 cha Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949 kinawalinda dhidi ya kuanikwa mbele ya umma. Eleza kanuni zako za kuhesabu juu ya jedwali, taja tarehe ya mwisho ya kukusanya, na weka safu ulizozifuta pamoja na sababu za kuzifuta, ili msomaji anayekikuta kile kifaru chenye gogo lililoungua kwa mara ya nne ajue kwamba kimekwisha kuhesabiwa.